Ukoo wa Wenda

Shangazi Tabu alikufa na tasbihi kiganjani
na Biblia uvunguni.
Ilikuwa imeviringishwa kanga iliyochujuka,
maneno yamebaki nusu, WEMA HAU,
mengine ukisie mwenyewe.
Miaka sitini hakuifungua, hakuitupa.
"Kitabu cha Mungu hakitupwi," alisema,
"hata kikiwa cha mgeni aliyesahau mzigo."

Nikaipakata kutoka Keko hadi Upanga
kama mtoto mwenye homa,
kwa Mwalimu Aikaeli, afundishaye Kijerumani.
Herufi zake ni nyeusi, zina miiba,
ua la mchongoma mstari kwa mstari.
Yeye hupita humo bila kuchanika.

Kabla ya kitabu cha Mwanzo kuna mwanzo mwingine:
Johann Wendt, mfumaji, Anklam, 1798.
Mkewe Dorothea.
Kisha watoto watatu, wiki moja ya Januari,
na mbele ya kila jina neno lilelile:
koo. Koo. Koo.
Feni ya dari inasaga joto la Februari
nami nawalilia watoto wa theluji
ambao hata matanga yao
hakuna wa kwetu aliyeyakalia.

Chini kabisa, mwandiko mwingine, wa haraka:
Reinhold, seremala, amevuka bahari 1899.
Huyo ndiye wetu.
Karani wa shule, Chang'ombe, alipomwandikisha baba
hakuwa na subira na konsonanti za watu,
akaandika Wenda.
Tangu hapo sisi ni ukoo wa labda.
Wenda alikuwa na ndevu nyekundu.
Wenda alichonga milango ya stesheni.
Wenda alimpenda. Wenda hakumuuliza.
Waingereza walipoingia mjini
wenda alitaka kuaga, wenda
alitazama tu viatu vyake.

"Kuna mstari mmoja zaidi," anasema Aikaeli.
Heinrich. Daressalam, 12 Machi 1908.
Baba: mimi.
"Babu yetu hakuwa Heinrich," nasema. "Alikuwa Hamisi."
Habishi. Anachukua simu,
anairudisha kalenda nyuma kwa kidole,
uhuru unapita, vita viwili vinapita,
mpaka anafika.
"Ilikuwa Alhamisi," anasema.
Tunanyamaza.
Nje baiskeli ya aiskrimu inapita
na kimuziki chake kilekile.

Mahali pa mama hapana jina.
Pana doa la wino,
kubwa kama punje ya mtama.
Aikaeli analisogezea kioo cha kukuzia,
analiinamia mpaka pumzi yake inagusa karatasi.
"Hakuna kilichofutwa hapa," anasema.
"Kalamu ilitua, ikasimama.
Wino ulingoja, ukachoka."

Mtu aliyeweza kuandika koo mara tatu
bila mkono kutetema
alishindwa neno moja.
Aibu? Sheria zao?
Au alikuwa akimwita kwa jina la nyumbani tu
na la kitabuni hakulijua?

Sikumwambia Aikaeli
kwamba kwetu halikupotea.
Halikuandikwa kwa sababu liliitwa:
kisimani, jikoni, gizani umeme ukikatika,
Shangazi akipaza sauti kunituma chumvi.
"Nimekupa jina la bibi wa Kisarawe," alinieleza mara moja tu,
akichambua mchele, bila kuinua uso.
"Alizaliwa watu wako mwituni, wamekimbia bunduki.
Litumie. Jina likikaa kabatini huliwa na mende."

Siku ya pili, Nyaraka za Taifa.
Mlinzi ananisukumia daftari la wageni:
jina, unakotoka, unamtafuta nani.
Naandika Mwamvita Wenda. Keko.
Na safu ya mwisho: Mwamvita.

"Dada, umekosea," ananiambia.
"Umejiandika mara mbili."

"Usiguse," nikamwambia. "Acha wino ukauke."