Kitunda cha Safu ya C

Miaka kumi na tisa nilicheza kwa fujo.
Kitunda cha mfalme mbele, jirani yake mhanga,
kisha farasi, kisha malkia, mbio mbio
kama mtu aliyesahau chungu jikoni.
Nilishinda mara chache, na hizo nilizisimulia sana.
Zilizobaki zimo katika fomu za klabu,
saini yangu chini, upande wa walioshindwa.

Februari, Kryštof, miaka kumi na minne,
waya menoni, biskuti mfukoni,
alikipokea kitunda changu, akasema asante,
akakirudisha wakati aliotaka yeye.
Hatua ishirini na mbili.
Nje, Ostrava, theluji ilikuwa nyeusi kando ya reli.

Drahomíra wa meza ya tatu, mpima damu wa hospitali,
alikuwa akisubiri koti likauke juu ya bomba la joto.
"Ctibor, kazini unatengeneza nini?"
Breki, nikasema. Breki za tramu.
Akanitazama mpaka nikaelewa.

Akapanga kete upya.
Kitunda cha c, miraba miwili. Cha g, mmoja.
Askofu akaingia g2
kama mlinzi anayevuta kiti dirishani:
hafanyi lolote, ila anaona hadi ng'ambo.
"Na sasa?"
"Sasa hakuna."
"Hakuna nini?"
"Hakuna mashambulizi. Kuna d5.
Miraba sitini na minne, Ctibor. Wewe utake mmoja."

Niliuchukia ufunguzi ule wiki tatu nzima.
Zamu za usiku, tramu zikiwa zimelala,
nilitandika ubao juu ya sanduku la spana,
nikaandika kwa vidole vya grisi:
Ngome hadi b1. Mbona? Ili kitunda cha b kisonge.
Akizuia kwa a5? Basi a3, halafu b4 hivyo hivyo.
Wakilana pale, safu ya a inafunguka. Ni ya nani?
(Hapa kuna doa la kahawa, jibu hakuna.)
Kisha b5: farasi wake wa c6 anafukuzwa,
na askofu wangu, aliyesinzia tangu mwanzo,
anafumbua jicho.

Kompyuta ya klabu ilisema: sawa kwa sawa.
Drahomíra akacheka.
Kompyuta haina mgongo unaouma,
haiamki Jumapili alfajiri, haimwogopi Kryštof.
Sisi wa klabu hatutafuti ukweli.
Tunatafuta nyumba tunayoijua gizani,
swichi ilipo, ngazi ipi imelegea.

Aprili, mechi ya ligi, Opava.
Mzee Hynek, mwalimu mstaafu wa jiografia,
alijibu c4 yangu kwa b6.
Hatua ya kwanza tu, na daftari zima likafa.
Askofu wake naye akavuta kiti dirishani.
Wakatazamana, wangu na wake,
ubao mzima katikati yao, hakuna aliyepepesa.

Zamani ningevunja kioo.
Mkono ulikwenda wenyewe kwa farasi, nikaukalia.
Kati ya yote niliyoandika, swali moja lilibaki:
kete yangu gani haina kazi?
Ilikuwa ngome ya pembeni, a1, imeduwaa.
Nikaisogeza miraba miwili.
Nikasikia, naapa, breki ikishika.

Chururu si ndo ndo ndo.
Nilimnyima mraba, akaninyima safu,
chai ikapoa, wengine wakavaa makoti,
na baada ya saa nne tukapeana mikono. Sare.
"Umenichosha," akasema Hynek,
nami nikaipokea kama medali.

Kwenye treni ya kurudi nilingoja sifa.
Drahomíra alimenya yai,
akafungua ubao wa sumaku magotini,
akapanga kete bila kutazama karatasi yangu.
"Hatua ya kumi na saba," akasema.
"Ulikuwa na haraka ya nini?"