Ndevu za Zambarau

Hina haileti pesa, alisema Jilani,
wembe umesimama chini ya kidevu changu.
Hapa Kibokoni safu ya mbele yote ni ndevu za hina;
nani atatia mkono mfukoni kwa ajili ya moja zaidi?
Na nyeusi ni uongo.
Mtu hulipwa kwa uongo, akafikiri kidogo,
lakini si kwa sadaka.

Basi zambarau.

Tulitaka mashine nne za masikio
za watoto wanne wa Mwalimu Swabra,
chumba kimoja nyuma ya ghala la saruji, Ganjoni,
ambapo malori hutikisa madirisha
na hakuna anayegeuka.
Nilipiga hesabu mara mbili,
mimi niliyepima magunia bandarini miaka thelathini na moja,
nikatamani kwa mara ya kwanza niwe nimekosea.

Nikaandika kwenye katoni ya biskuti:
LAKI MBILI ZIKITIMIA
MZEE BADI ATAPAKA RANGI KICHWA NA NDEVU.
Chini yake Mutuku, mchomelea vyuma, akaongeza kwa chaki:
NYUSI NI ELFU KUMI ZAIDI.

Muuza viazi karai alitoa hamsini, na onyo
nisipite karibu na wateja wake.
Mama wa mabuyu alihesabu sarafu
kwa vidole vyekundu tangu alfajiri:
Mimi napakwa rangi kila siku, Badi,
mbona sijachangiwa?
Shemeji yangu Athmani alileta elfu ishirini
ili nisipake.
Tukazipokea. Tukamwandikia risiti.

Rukiya hakusema neno hadi usiku.
Kisha: Kanzu zako nimefua miaka arobaini.
Foronya utafua mwenyewe.

Ijumaa zikatimia.
Jilani alinichoma kwanza kwa dawa ya kung'arisha,
macho yakanitoka machozi mbele ya kadamnasi,
kisha akapaka, kwa brashi ya kupakia milango,
kichwa, ndevu, nyusi (Mutuku alilipa),
na kwa bahati mbaya sikio la kushoto.
Kwenye kioo nikamwona mtoto aliyekwea mti wa jirani,
anaapa hajala zambarau
huku ulimi ukitoa ushahidi.

Kutoka hapo hadi Markiti
nilitazamwa na kila mwenye macho.
Watu walisimamisha maneno yao katikati.
Nikafahamu kidogo, kidogo tu,
njia ya Kadzo kwenda dukani,
akiomba mkate kwa mikono yake
na foleni nzima ikigeuka.

Jumapili akafa Shekue, mwenzangu wa mizani.
Ningejificha wapi?
Nilisimama makaburini na kidevu changu cha sikukuu,
wanaume wanatazama vidole vya miguu yao,
hadi mjukuu wa marehemu aliponiona
akacheka, kicheko cha wazi, cha miaka minne,
na baba yake, aliyekuwa mkavu tangu asubuhi,
akacheka naye, kisha ndipo akalia.
Sijui kama nilikosea adabu.
Mpaka leo sijui.

Jumatatu muuzaji akasema bei imepanda.
Laki mbili, na elfu kumi za nyusi,
zikawa mashine tatu.

Nani wa nne? Mwalimu alipiga kura kwa vijiti vya kiberiti.
Kadzo akatoa kifupi.
Alikitazama, akakitia mfukoni
kama chenji.

Kisha akanijia, akanipa jina:
vidole vinashuka kutoka kidevuni,
halafu kimoja kinagusa ncha ya ulimi.
Wenzake wakalirudia, darasa zima,
jina langu likizunguka chumbani
bila sauti.

Sasa mvi zinachungulia kwenye mizizi,
nyeupe kama wali chini ya mchuzi.
Jilani ananoa wembe, anauliza: Tukate?
Namwambia rudisha katoni mlangoni.
Na chaki.
Kuna rangi gani nyingine?