Kiwanja cha Chini

Kambere amejenga juu ya paa letu.
Lava ilipita, ikazika mlango, mparachichi, mpaka;
muhuri wake ungali mbichi,
wangu umefifia kwenye mikunjo
tangu tulale Gisenyi, kisha Mugunga.

Shefu wa kartiye akaja na kamba, akapima mawe.
«Mama Kavugho, kiwanja chako kiko wapi?»
Nikanyoosha kidole chini.
Watu wakacheka. Kambere hakucheka.

Jioni alinitolea kiti.
Anataka kuchonga choo, lakini kwanza
anauliza: yule mtoto mlimlaza upande gani?

Nikahesabu hatua toka mlango usioonekana,
nikikwepa sufuria, nikimwomba radhi mkewe.
Ya kumi na mbili ikanifikisha sebuleni mwake,
kando ya redio.

Akaizima.