Kibao cha Akiba

Washington, wiki ya pili ya Disemba. Baridi ya kugandisha gundi chupani.
Tunajenga jukwaa la kiapo,
ngazi juu ya ngazi, mbao za msonobari
zinazonuka utomvu hata zikishikwa na barafu.

Wendell, msimamizi, ametoka ofisini na karatasi.
"Mimbari," anasema, "msiitie gundi.
Kazeni parafujo nusu. Nusu tu."
Hakuna anayeuliza. Redio ya Tesfalem imekwisha kutujibu:
kuna jaji, mji mdogo kule Ohio,
ana jalada la mabomba ya maji ambayo hayakuzikwa kamwe,
na chini ya malipo ya kila bomba kuna sahihi ile ile,
ya mtu aliyeshinda Novemba.
Hatia imekwisha kusomwa. Imebaki adhabu.

Mteule ana futi sita na inchi tatu.
Makamu wake ananifika hapa, kifungo cha pili cha koti.
Ndiyo maana nimeambiwa nichonge kibao cha kusimamia,
inchi tisa, kisionekane kwenye picha,
kikae chini ya zulia
kama bwana harusi wa akiba, amekwisha kunyolewa ndevu,
anasubiri kusikia kadhi amemkataa mwenzake.

Kwetu Tanga aliyefiwa na mume hukaa eda.
Hajipambi, hatoki, si mke, si mchumba.
Sikujua kwamba hata dola hukaa eda.
Anayeondoka anafunga masanduku,
anayekuja hana ufunguo,
ila watu tayari wanasimama anapoingia,
na mawakili wake kumi na mmoja
(niliwahesabu kwenye televisheni ya mkahawa)
wanasema: hamwezi kumfunga aliyebeba taifa begani.
Wakili wa serikali, mama mmoja mwenye mafua, akajibu:
bado hajabeba kitu. Huyu ni raia,
kwa siku hizi chache zilizobaki.
Mwiteni angali ana jina lake tu.

Sheria ni msumeno, mwalimu alituimbisha darasa la nne,
hukata mbele na nyuma.
Msumeno niliojua mimi ulikuwa wa watu wawili:
baba juu ya gogo, mimi ndani ya shimo,
huku na huku, huku na huku,
na vumbi la mvule lote machoni pangu.
Mwalimu hakututajia vumbi.
Huu wa hapa ni wa umeme.
Unazunguka. Unakata upande mmoja.

Nami nilikuwa na kiapo.
Tarehe kumi na tisa, saa tatu asubuhi, Baltimore,
suti nimeshanunua, ya kijivu.
Ikaja barua: taa ya nyuma ya gari,
faini ya dola themanini na tano.
Niliilipa. Lakini mahali fulani kompyuta inasema
jalada langu liko wazi.
Kiapo kimeahirishwa hadi jalada lifungwe.

Leo mchana, Ohio, jaji ameamua:
jalada limeahirishwa hadi kiapo kiliwe,
na baada ya kiapo, miaka minne.
Tesfalem akazima redio.
Nikabaki nikiyapindua maneno yale mawili
kama shati ambalo sijui upande wake wa ndani.

Wendell akarudi. "Haya, tieni gundi."
Nimekaza parafujo zote nane.
Kibao akasema nikitupe.

Sikukitupa. Ni msonobari safi, hauna fundo hata moja.
Nimekisukuma ndani kabisa, chini ya jukwaa,
na mgongoni pake nimeandika kwa penseli
vipimo, tarehe,
na jina langu lote, herufi kwa herufi,
kama lilivyoandikwa kwenye faini.

Theluji imeanza.
Usiku nitaitafuta tena ile risiti.