Mabati Ishirini na Mawili

Redio ilisema kimbunga kimegeuza shingo,
kinaitazama Mtwara.
Mama hakuuliza kitafika saa ngapi.
Alipanda ngazi na nyundo
akaanza kuivua nyumba kofia.

Nusu ya Madimba ilikuja kucheka.
"Somoe, unaufanyia upepo kazi yake?"
aliuliza Likumbage, anatafuna muhogo.
Mama ana misumari mdomoni, hakujibu.
Kila mmoja aliunyoosha juu ya jiwe,
akautia kwenye kopo la maziwa, mimi nahesabu.

Mabati ishirini na mawili.
Korosho za misimu miwili,
mnada mmoja wa kicheko, mmoja wa machozi.
Tukayalaza chini, moja juu ya jingine,
juu yake mifuko ya mchanga, kinu, na kinu cha jirani.
"Bati likiruka haliulizi shingo ya nani."
Hilo tu alilolisema siku nzima.

Tulilala shuleni, darasa la nne, ukuta wa matofali,
familia kumi na moja na mbuzi wa Bi Zainafi,
aliyefukuzwa mlangoni mara tatu,
ya nne akaingia mwenyewe.
Tulikaa mbali na madirisha,
maji ya dumu tukagawana kwa kifuniko.
Ubaoni zilibaki hesabu za kugawanya.
Nje upepo nao unagawanya,
sisi tunasikiliza, tunangoja kujua baki.

Kuna sauti sitaisahau:
bati la mtu likipita gizani,
jembamba, linalia kama kisu kwenye kinoo.
Darasa zima kimya,
kila mmoja anajiuliza, langu?
Mimi nilijua si letu.
Niliionea haya furaha ile.

Asubuhi kuta zetu zilikuwa zimelala.
Udongo umerudi kuwa udongo,
fito zimesimama kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.
Nikalia.
"Udongo tunaukanyaga," mama alisema,
"maji yamo kisimani.
Bati ndilo halichimbwi."

Saa nne akaja Likumbage. Hana muhogo.
Bati lake moja limeonekana Ziwani, juu ya mkorosho wa watu,
limejikunja kama karatasi ya bagia.
Mengine hajui.
Alitaka nyundo.

Mama akampa nyundo,
kisha akammiminia kiganjani nusu ya kopo,
misumari ile ile
niliyoihesabu mimi.