Viti Vidogo

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Punta Arenas.
Upepo unagonga mabati kama mtu anayetudai,
nasi, watu wazima arobaini,
tumekalia viti vya darasa la kwanza,
magoti yakikaribia videvu.

Sikualikwa, kusema kweli.
Barua iliandikwa "walimu na wazazi",
na mimi ni mpishi; mwanangu alishahitimu,
yuko baharini anavua kaa.
Lakini mkufunzi, Danica, aliingia jikoni kuomba maji ya moto,
akanikuta nikimenya viazi, akauliza:
"Nani hapa huwaona watoto wote, kila siku, mmoja mmoja?"
Nikafuta mikono.

Alichora mwili wa mtoto ukutani
akataja kila kiungo kwa jina lake,
hata vile ambavyo sisi huvizunguka
kama barafu nyeusi njiani.
Mama mmoja akacheka, cheko likageuka kikohozi.
"Asiye na neno la kuutaja mwili wake," Danica akasema,
"atasemaje ulipoguswa?"
Baba yake Yasna akanyoosha mkono:
"Kwa hiyo nimkatalie mjomba asimbusu?"
"Mwache yeye akatae. Wewe usimlazimishe tu."

Kisha mazoezi, wawili wawili.
Mimi mtu mzima, na mwenzangu mtoto:
mchinja kondoo, mikono kama makasia
(tumwite Oyarzo; jina lake halisi ni lake).
Alipewa kadi. Akaisoma:
"Mama mpishi, nina siri."
Akaigeuza. Akaikunja. Akaikunja tena.
"Nilikuwa na miaka tisa," akasema,
na hilo halikuwa kwenye kadi.

Nani? Wapi? Mbona ulinyamaza?
Maswali yakanijaa mdomoni kama viazi vya moto.
Nikatazama ukutani, kwenye wino wa buluu,
nikasoma polepole, kama anayeunganisha silabi:
Nakuamini.
Si kosa lako.
Umefanya vema kuniambia.
Kiti kidogo kikalia chini ya uzito wake.
Yeye hakulia.
Alinishukuru kama mtu aliyepokea chenji yake
miaka arobaini baada ya kulipa.

Siri ya mtungi aijuaye kata,
nami nimeishika kata miaka kumi na tisa.

Yuko mvulana wa darasa la tatu.
Kila Ijumaa huficha mkate ndani ya soksi,
na nikiinua upawa nimpakulie
hukinga kichwa.
Miezi miwili nimeona.
Nikajiambia, watoto wana mambo yao.
Nikajiambia, baba yake mtu wa watu,
hutuletea kuni na hakubali malipo.
Nikamwongezea mkate.
Huo ndio ulikuwa ukimya wangu:
nilikuwa nikiupaka siagi.

Jumatatu nilimwachia Rosenda sufuria ya maziwa
nikatoka na aproni yangu, unga hadi viwikoni.
Ukumbi haujawahi kuwa mrefu vile.
Nilirudi mara moja, nikasema nimesahau kitambaa.
Rosenda akanitazama. Kitambaa kilikuwa begani.

Kitasa cha mlango wa mkuu wa shule
kilibaki na alama nyeupe za vidole vyangu.
"Sina uhakika," nilianza,
"labda naona yasiyokuwepo,
na sitaki kumharibia mtu jina."
Mwalimu Nélida alifunga faili, akavuta kiti,
safari hii kiti kizima, cha watu wazima.
"Uhakika wautafute wenye kazi hiyo," akasema.
"Wewe niambie ulichokiona. Anza na siku."

Kutoka jikoni harufu ya maziwa yaliyofurika
ilikuwa imeshatufikia.

"Ijumaa," nikasema.
"Soksi ya kushoto."