Hamira

Mchele naroweka saa kumi jioni,
nausaga na tui, natia hamira kiduchu
na kijiko kimoja nilichobakisha jana,
nafunika kwa kawa.
Sijapata kuiona hamira ikipumua,
lakini alfajiri bakuli limefura,
lanukia kama utosi wa mtoto.

Maji yakizidi moto, hufa.
Nalijua hilo tangu usichana wangu, Kipangani,
nilipouharibu mkate wa kumimina wa Idi
na mama akaninyamazia mpaka usiku.

Shaame,
ulipokuwa tumboni miezi mitatu, watu hawajajua,
mkojo ulinichoma. Nikaona haya kwenda kliniki.
Nikatuma dukani vidonge vya rangi mbili,
nusu dozi, maana hela ilikuwa nusu.
Vinne nikameza. Vilobaki
nikavifunga pindoni mwa kanga, akiba.

Moto haukuzimika, ulijificha.
Mwezi wa saba ukarudi na homa ya kutetemesha kitanda.
Nesi Mkasi akanitundikia chupa, siku tano,
sindano asubuhi, sindano jioni.
"Hii, Bishara, ndiyo dawa. Ile ilikuwa kamari."

Leo una miaka miwili.
Ukurutu umekukaa viwikoni na nyuma ya magoti,
tumbo leo gumu, kesho maji,
usiku wajikuna mpaka shuka lina madoa.
Mkwe wangu asema kijicho.
Jirani asema ni pweza nilokula.

Daktari wa Wete asema tumboni mna wakaazi,
wadogo wasioonekana,
wanaoufundisha mwili yupi mgeni, yupi adui,
na wengi wa mwanzo mtoto huwapata kwa mama.
"Mama akinywa dawa, huenda nao wakapungua.
Huenda. Si kila mtoto. Hatuna hakika."
Nikamuuliza: dozi ipi basi, ya dukani au ya chupa?
Akafunika kalamu yake.
"Bila ile chupa, mimi na wewe tusingekuwa tunazungumza."

Huenda.
Neno hili nalala nalo, naamka nalo,
halina pa kulishika.

Vidonge vya pindoni nimempelekea Mkasi.
Vilishaanza kumomonyoka.
Akavihesabu, hakusema kitu.

Na asubuhi hii umeifunua kawa,
umetia kidole kwenye unga uliochacha,
ukalamba, ukakunja uso.
Nikanyanyua mkono nikuzuie.
Ukanitazama, mdomo mweupe,
ukachovya tena.